Leza usoni: Mjue kwanza anayeshika mashine

UKIPITA katikati ya jiji la Nairobi siku hizi hutakosa kumkuta kijana amesimama mlangoni pa jumba fulani, mkononi ana vikaratasi, na kabla hujamkwepa amekwisha kukutia kimoja kiganjani. Zamani vikaratasi hivyo vilikuwa vya waganga kutoka mbali, wenye kumrudisha mume aliyepotea. Leo vingi vinazungumzia ngozi. Kuondoa ndevu za kina dada, kufuta makovu ya chunusi, kung'arisha kwapa, kusafisha mabaka yaliyobaki usoni baada ya uzazi. Yote kwa miale ya leza, bila maumivu, na bei ni nusu hadi mwisho wa mwezi. Usipovipata barabarani utavipata kwenye simu yako, tena pamoja na picha ya kipusa mashuhuri akitabasamu.

Siandiki haya, msomaji mpenzi, ili nikutishe. Leza ni tiba halali na imewasaidia wengi. Kijana ambaye kila akinyoa anatokwa na vipele vya ndevu hadi shingo inageuka kama ganda la fenesi anaweza kupata nafuu kubwa kwa leza iliyotumiwa vyema. Lakini mwale ule ule unaomtibu huyu unaweza kumchoma mwingine. Tofauti iko kwa aliyeshika mashine, na kwa mashine aliyoishika.

Nitakusimulia ya binti ya dada yangu, kwa ruhusa yake. Alipokuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, alikuwa na siri ambayo hata wenzake wa chumbani hawakuijua. Tangu akiwa na umri wa miaka kumi na saba alikuwa akiota ndevu chini ya kidevu, si nyingi, lakini ngumu na nyeusi. Kila siku alidamka kabla ya alfajiri, akaenda bafuni na kiwembe, akarudi kulala kana kwamba hakuna lililotendeka. Alipopata fedha za mkopo wa masomo, akadunduliza kidogo kidogo hadi akatosheka, akashika kikaratasi alichopewa mjini na kwenda.

Alipanda ghorofa ya nne. Mbele kulikuwa na saluni ya kusuka nywele, na nyuma ya pazia kulikuwa na chumba chenye kitanda kimoja na mashine. Mwanamke aliyevaa koti jeupe alimuuliza swali moja tu: "Utalipa kwa M-Pesa au taslimu?" Alilipia vikao sita kwa mpigo kwa kuwa kufanya hivyo, aliambiwa, ni nafuu. Akalala. Mwale wa kwanza ulipompiga alishtuka, wa pili akashika kingo za kitanda, na wa tatu akasema unamchoma. "Vumilia, mrembo," akajibiwa. "Urembo ni kuvumilia."

Usiku huo hakulala. Siku ya tatu malengelenge yalipopasuka, kidevu chake kilibaki na alama nyeusi za mraba, zimepangana moja baada ya nyingine kama vigae vya sakafu. Ilikuwa mwezi wa Januari, jua la kukaanga mayai, naye akawa anajifunga shali shingoni kutwa nzima. Aliporudi kulalamika aliambiwa amalizie vikao vitano vilivyosalia na alama zitakwenda zenyewe. Hapo ndipo aliponijia. Neno lake la kwanza halikuwa la maumivu. Alisema, "Mama mdogo, tafadhali usimwambie Mama."

Mwale hutafuta rangi

Kwa nini alichomeka hivyo? Hapa yafaa tuelewe leza inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili moja mengine yote utayauliza mwenyewe.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuanza kuijaribu kwenye ngozi. Lakini ni mwaka 1983 ambapo madaktari wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni inayotumika hadi leo. Walisema kwamba mwale ukichaguliwa vizuri na kupigwa kwa muda mfupi sana, unaweza kukichoma kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha jirani yake salama. Kinachochaguliwa ni rangi. Mwale unaokusudiwa nywele huitafuta ile rangi nyeusi iitwayo melanini iliyomo kwenye unywele, ikaupasha joto mpaka shina lake likafa.

Sasa fikiri. Mzungu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi hana shida kubwa: mwale unapita kwenye ngozi isiyo na rangi nyingi na kuufikia unywele. Lakini mimi na wewe tuna melanini kwenye unywele na tuna melanini kwenye ngozi pia. Mwale usiochaguliwa vizuri hukutana na rangi ya ngozi kwanza, ukamalizia moto wake hapo hapo. Hii ndiyo sababu shoga yako aliyeko Ulaya anaweza kukusifia mashine ambayo kwako itakuwa pasi ya makaa.

Madaktari wa ngozi wana kipimo cha kuainisha ngozi kwa jinsi inavyopokea jua. Kilibuniwa na Thomas Fitzpatrick, daktari wa Marekani, mwaka 1975. Hapo mwanzo kiliwahusu watu weupe tu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa aina ya tano na ya sita. Wakenya wengi tumo humo. Kliniki ambayo haikutazami ngozi na kukuambia uko katika aina ya ngapi haijaanza kazi.

Na mashine zenyewe hazifanani. Hutofautishwa kwa urefu wa mawimbi ya mwanga wake, ambao hupimwa kwa nanomita. Ukiigawanya milimita moja mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Ile iitwayo aleksandriti ina nanomita 755 na iliwafaa zaidi watu wa ngozi nyeupe. Ya daiodi ina takriban 800 hadi 810. Hii yaweza kutumiwa kwa ngozi nyeusi, ila kwa mkono wa mjuzi. Ile inayoitwa Nd:YAG ina nanomita 1064. Mwale wake huipita rangi ya juu bila kuinyanyasa sana na kuzama ndani zaidi, kwa hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa salama kuliko nyingine kwa kuondoa nywele katika ngozi nyeusi. Andika namba hiyo mahali. Ukipiga simu kuuliza bei, iulize kabla ya bei.

Kisha kuna mashine ambayo si leza kamwe. Ni taa yenye mwanga mkali wa mawimbi mchanganyiko, inayopigwa kama ya mpiga picha. Wenyewe huiita kwa herufi tatu, IPL. Ni rahisi kuinunua, na vyumba vya nyuma vya saluni huipenda, na mteja huambiwa kuwa ni leza. Kwa ngozi nyeusi hatari yake ya kuunguza ni kubwa. Alama za mraba za binti yetu zilikuwa na umbo la kioo cha mashine ya namna hiyo.

Hata hivyo, mashine nzuri mikononi mwa asiyejua ni sawa na gari jipya kwa asiyeendesha. Kuna kiasi cha nguvu cha kupima, kuna muda wa kila pigo, kuna namna ya kuipoza ngozi wakati huo huo. Mtu hujifunza haya kwa miaka, si kwa semina ya siku mbili hotelini.

Cheti ukutani

Ukiingia mahali utaona ukutani kumetundikwa vyeti, vingine vina nembo za kupendeza na utepe mwekundu. Visome. Cha kwanza utakachoonyeshwa mara nyingi ni kibali cha biashara cha serikali ya kaunti. Hicho hata mwenye duka la viatu anacho. Kinamruhusu kufanya biashara. Hakimruhusu kutibu mtu.

Wenye mamlaka ya kuwasajili madaktari hapa Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo kabla ya mwaka 2019 lilikuwa likiitwa Bodi. Daktari husajiliwa, na juu ya hayo huchukua leseni ya kufanya kazi kila mwaka. Kituo cha matibabu nacho huhitaji leseni yake, mbali na ile ya daktari. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutafuta: jina la daktari na jina la kliniki. Baraza limeweka orodha zake kwenye mtandao na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama akiwa ndani ya matatu. Angalia pia kama jina hilo limeandikwa kuwa ni bingwa wa ngozi au ni daktari wa kawaida. Daktari wa kawaida si mwongo, lakini ni haki yako kujua.

Je, lazima daktari mwenyewe ndiye akupige mwale? Si lazima. Katika kliniki nyingi za heshima anayeshika mashine ni muuguzi aliyefundishwa. La muhimu ni kwamba daktari amekuona kwanza, ameandika kipimo cha mwale, na yumo jengoni ukipatwa na jambo. "Daktari wetu huja Alhamisi" si jibu, kama leo ni Jumatatu na wewe ndiye unayelazwa kitandani.

Msifikiri, ndugu wasomaji, kwamba jumba la vioo na kahawa ya bure ni dhamana. Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini katika kliniki ya urembo jijini Nairobi, na Baraza likaifunga kliniki hiyo. Upasuaji si leza, ni kweli. Lakini mlango unaoingilia ni mmoja: tangazo, punguzo la bei, na mgonjwa ambaye hajiiti mgonjwa.

Wao ndio wakuulize

Utaitambua kliniki nzuri kwa maswali yake kuliko kwa majibu yake. Itakuuliza unapaka nini. Jibu kweli, hata kama ni aibu. Krimu za kujichubua huidhoofisha ngozi, na zile zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ijapokuwa bado zinauzwa kwa siri madukani. Ngozi iliyochubuliwa na krimu, ukiipiga leza, unaongeza moto juu ya kidonda. Itakuuliza kama unameza vidonge vya chunusi, kama una mimba, kama ulikuwa Mombasa wiki jana ukiota jua. Itakuuliza kama katika ukoo wenu watu huota keloidi, lile kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Sisi Waafrika tunazo zaidi kuliko wengi, na mwenye asili hiyo hapaswi kuchomwachomwa uso kwa ajili ya kovu dogo la chunusi.

Kwa dada mwenye ndevu itauliza jambo ambalo huenda likakushangaza: hedhi zako zinakwendaje? Ndevu kwa mwanamke wakati mwingine ni dalili ya homoni zilizovurugika na vifuko vya mayai visivyofanya kazi sawasawa. Ukiunguza nywele bila kutibu chanzo, mpya zitaota, na utakuwa umekuwa mteja wa kudumu. Sina hakika kama biashara zote zinaliona hilo kuwa ni hasara.

Na kliniki nzuri hujua kukataa. Mabaka ya uso yanayowatokea kina mama baada ya mimba ni mfano mzuri. Joto la leza laweza kuyaamsha yakawa meusi kuliko mwanzo, na daktari mwangalifu huanza na dawa ya kupaka na kujikinga na jua. Vile vile doa jeusi linalokua au kubadilika, hasa kwenye wayo, kiganjani au chini ya ukucha, halifutwi kwa leza kabla ya kupimwa. Saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda kuanzia huko. Saratani iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Kabla ya kazi yenyewe, omba jaribio dogo: mapigo machache mahali pasipoonekana sana, kisha usubiri. Siku mbili ndizo chache kabisa, na kwa ngozi nyeusi wiki mbili ni bora, maana weusi unaoletwa na kuungua huchelewa kujitokeza. Anayekuambia jaribio ni kupoteza wakati anazungumzia wakati wake. Na ikifika siku ya kazi, hakikisha wewe na yeye mmevaa miwani ya kinga. Mwale wa leza hupofusha kwa nukta moja. Kufumba macho na kuwekewa pamba si kinga.

Sasa sikiliza hili, mzazi, na wewe mwanafunzi unayesoma ukiwa bwenini. Wengine, wakiogopa maumivu, huambiwa wajipake dawa ya ganzi nyumbani kabla ya kuja. Mwaka 2007 idara ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wasichana wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kupoteza maisha. Wote wawili walikuwa wanakwenda kuondolewa nywele za miguu kwa leza. Walijipaka dawa kali ya ganzi miguu mizima, wakaifunga kwa karatasi ya plastiki ili izame vizuri. Dawa ikaingia kwenye damu kwa wingi, wakapatwa na degedege, wakapoteza fahamu, wasiamke tena. Hawakuuawa na leza. Waliuawa na mafuta ya kupaka. Dawa ya ganzi ipakwe kliniki, mahali padogo, na anayejua kipimo chake.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ni kweli kwamba nywele hazimalizwi kwa siku moja, kwani mwale huua zile zilizo katika msimu wa kukua tu, na ndiyo maana huhitajika vikao sita au zaidi, vikipishana kwa majuma manne hadi manane. Lakini kuhitaji vikao sita si kulipia vikao sita leo. Lipia cha kwanza, uone ngozi inasema nini. Dai risiti yenye jina la kliniki, si ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu. Na anayekuahidi kwamba nywele hazitaota tena maisha yako yote, muage kwa heshima.

Ukiwa umekwisha kuchomeka, usipake dawa ya meno wala siagi. Tia mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi lakini si barafu, kwa dakika ishirini, uache malengelenge yalivyo, kisha umwone daktari siku hiyo hiyo. Uvimbe mdogo kuzunguka matundu ya nywele kwa siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ya kukukosesha usingizi si kawaida, hata aliyekupiga mwale akisema ni kawaida. Piga picha. Weka risiti. Malalamiko juu ya daktari au kituo hupelekwa kwa Baraza, ambalo lina kamati ya nidhamu. Tulipotaka kupeleka yetu tuligundua kwamba yule mwenye koti jeupe hakuwa daktari, wala muuguzi, na chumba kilikuwa kimekwisha kuhamwa. Pazia lilibaki.

Ilinibidi nimwambie dada yangu. Hakumgombeza binti yake kama tulivyoogopa. Alikaa kimya, halafu akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akizing'oa zake kwa kibanio tangu akiwa msichana. Tukaenda watatu kwa daktari bingwa wa ngozi. Alimtazama kidevu kwa muda, akaandika vipimo vya damu, akampa dawa ya kupaka na losheni ya kukinga jua, na akakataa katakata kumgusa kwa leza hadi ngozi itulie. Tulilipa ada ya kumwona daktari na kurudi nyumbani bila kupigwa mwale hata mmoja. Vipimo vilionyesha kwamba homoni zilikuwa na kasoro, na hilo likaanza kutibiwa.

Alama zimefifia. Mbili bado zinaonekana ukimkaribia, naye hazifichi tena. Siku hizi wenzake chuoni humjia na vikaratasi vyao na yeye huwapigia simu wenye kliniki kwa niaba yao, sauti ameifanya nzito kama ya mkaguzi. Huuliza urefu wa mawimbi, huuliza jina la daktari na nambari yake ya usajili. Mara ya mwisho nilipokuwa naye alipiga simu tatu. Mbili zilikatwa kabla hajamaliza swali la kwanza.